Gia Moja Kutoka Pongwe

Tanga ni mji ambao mtu mzima mwenye kazi yake na heshima zake anaweza kufika ofisini kwa baiskeli na asiulizwe gari limepatwa na nini. Dar es Salaam, nilikokaa miaka mingi, ukionekana juu ya baiskeli na shati la kazini watu wanakupa pole. Huku hapana. Mwalimu mkuu anapanda, imamu anapanda, bibi wa baibui aliyempakia mjukuu kwenye keria anapanda, na wote wanasalimiana kwa kengele. Mji wenyewe ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na imepewa namba badala ya majina, na kutoka upande mmoja hadi mwingine si mwendo wa kumtisha mtu. Kwa hiyo nilipohamia Pongwe, kilomita kama 13 kutoka mjini kwa barabara ya Muheza, sikujiuliza kama nitapanda baiskeli. Nilijiuliza nipande ipi.

Niliyokuwa nayo ilikuwa ya gia: matairi manene, na fremu iliyoandikwa 18 kwa rangi ya fedha. Zilizokuwa zinashika kweli ni nne, na siku ya mvua tatu. Simlaumu aliyeitengeneza. Kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kina springi, kina vigurudumu viwili vya plastiki, kina waya unaoteleza ndani ya ala nyembamba, na hewa ya Tanga ina chumvi inayokula hata bawaba za madirisha. Kila fundi niliyempelekea alikuwa na maelezo yake, na wote walimalizia kwa kuikaza cheni ikae mahali pamoja ili nifike nyumbani. Yaani tayari nilikuwa napanda gia moja, ila nimebeba na uzito wa zile 17.

Jirani yangu hupeleka maziwa mjini kila alfajiri kwa Phoenix ya Shanghai aliyorithi kwa babake. Madumu mawili ubavuni, moja juu ya keria, kamba ya mpira imezungushwa mara tatu. Siku moja nilimuuliza kama hatamani gia. Akaniangalia kwanza.

“Gia za nini, jirani? Njia naijua.”

Jibu hilo lilinikaa. Nikaamua kujaribu, lakini si kwa Phoenix. Naiheshimu Phoenix kama ninavyoiheshimu Swala iliyotengenezwa hapa nchini enzi za viwanda vya umma: fremu ndefu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma visivyo na waya wa kukatika. Ni baiskeli ya kubebea mkaa, magunia na mgonjwa. Mimi mzigo wangu ni mkoba na chakula cha mchana, na bomba lile la juu, kwa mtu wa kimo changu, ni la kuruka kama uzio.

Niliyoichukua ni ya mtumba wa Japani, zile zinazoshuka kwa makontena na kupangwa nje ya maduka zikiwa zimekumbatiana kwa pedeli. Wajapani huziita mamachari. Ndizo baiskeli za akina mama zao kwenda sokoni na kupeleka watoto shule. Fremu imeinama katikati, kikapu cha waya mbele, dainamo ya kusugua tairi, boksi linaloifunika cheni. Juu ya gurudumu la nyuma pana kufuli ya duara. Ukizungusha ufunguo, chuma kinapita katikati ya spoku na safari imekwisha kwa mwizi. Kwenye bomba la siti kulikuwa bado na kibandiko cha usajili chenye namba na maandishi ya kwao, kwa sababu tangu 1994 sheria ya Japani inamtaka mwenye baiskeli aiandikishe. Sikukibandua. Polisi wao akija kuitafuta, ataikuta Pongwe.

Ofisini walicheka, kama ilivyotarajiwa. “Mwenzetu kanunua ya mama.” Ijumaa ya kwanza nikaja na kanzu nyeupe, nikashuka nayo nyeupe. Mcheshi mkuu aliingia dakika chache baadaye, mguu mmoja wa suruali umechomekwa kwenye soksi, mwingine una mstari wa grisi. Mada ikafungwa.

Kwa Kiswahili cha mafundi baiskeli ya aina hii haina hata jina la pekee, ni “ya kawaida”. Yenye gia ndiyo inayotajwa kwa gia zake. Na isichanganywe na zile za vijana wa mijini ambazo gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja na pedeli, ukiacha kukanyaga nazo zinaendelea kukuzungusha miguu. Yangu ina friweli. Nikitulia, pedeli zinatulia, na kule nyuma kunabaki sauti ya tik-tik-tik inayoniambia kwamba mteremko unanilipia nauli.

Kabla ya kuanza nilimpelekea fundi wa Ngamiani, mzee mwenye banda la mabati chini ya mwarobaini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye rimu aliyokuwa anainyoosha. Alipofika kwangu aliigeuza baiskeli miguu juu, akazungusha pedeli, akasikiliza, kisha akahesabu meno kwa ncha ya bisibisi. Mbele 32, nyuma 14.

“Unakaa wapi, mwanangu?”

“Pongwe.”

“Na unakuja nayo kila siku?”

“Ndiyo nia.”

Akacheka kidogo, akasema nitarudi.

Hesabu ya mambo haya ni rahisi, na nashangaa wauzaji hawaifanyi mbele ya mnunuzi. Meno 32 ukigawa kwa 14 unapata 2.3 hivi: kila pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na zaidi ya robo. Tairi langu la inchi 26 likizunguka mara moja linasogea kama mita 2.07. Kwa hiyo kila mzunguko wa miguu unanipeleka mita 4.7. Miguu ya mtu asiye na haraka huzunguka kama mara 60 kwa dakika, na hiyo ni kilomita 17 kwa saa. Pongwe hadi mjini: robo tatu ya saa. Kwenye baiskeli ya gia namba hizi unazibadilisha kwa kidole ukiwa njiani. Kwenye ya gia moja umezibadilisha tangu nyumbani, kwa mwaka mzima, na itakayobadilika ni miguu yako.

Asubuhi natoka saa kumi na mbili na nusu. Barabara ina mstari mweupe pembeni na ukanda mwembamba wa lami nje yake, na huo ndio ufalme wetu sisi wa magurudumu mawili. Malori ya saruji yanapita karibu kiasi cha kuhisi joto la injini kwenye goti. Pongwe ndiko saruji inakotoka, na dereva wa lori lililojaa hapendi kupunguza mwendo kwa ajili ya kikapu cha waya. Nimejifunza kusikiliza kwa sikio la kulia: lori tupu linarindima, lililojaa linanguruma kwa chini, na la pili ndilo la kulipisha mapema.

Kati ya Pongwe na Kange, iliko stendi ya mabasi, ardhi inashuka kuelekea bahari, polepole mno kiasi kwamba mwenye gari hawezi kukuambia kama kuna mteremko. Mwenye gia moja anajua. Kuna mahali tik-tik inaanza na sikanyagi tena hadi nione miembe. Reli ya kwenda Moshi nayo inapita upande huu. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 kutoka bandarini Tanga, na kipande cha kwanza kufunguliwa, mwaka 1894, ni hiki cha Tanga hadi Pongwe. Garimoshi halipendi mwinamo mkali, na mimi siku hizi namwelewa dereva wake.

Mtihani wa kwanza ni matuta. Mwenye gia anafika kwenye tuta, anapunguza, anashusha gia, anaondoka kwa raha. Mimi kila mwendo ninaoutupa naurudisha kwa mapaja. Basi unaanza kuiona barabara kwa jicho jingine: tuta unaliona mbali, unaacha kukanyaga mapema, unaliparamia ukiwa umesimama kidogo juu ya pedeli, na unatokea upande wa pili ukiwa bado na kitu mfukoni. Breki naigusa kwa nadra, na hiyo ni baraka kwa watu wote, kwa maana ya nyuma ni ya mkanda ndani ya kopo la chuma na ikikamatwa inalia mtaa mzima. Kengele nimeiacha kwa ajili ya salamu tu.

Pale Kange, mabasi ya mikoani yanapoingia na kutoka stendi, hakuna ujanja. Ni kusimama kabisa, mguu mmoja chini, kondakta anaita Dar juu ya kichwa chako, bajaji mbili zimekubana. Kuondoka kutoka kusimama ndiyo sehemu ngumu ya gia moja kuliko mlima wowote wa njia yangu. Unaivuta pedeli ya kulia hadi juu, unaipandia kwa uzito wote wa mwili, na kwa sekunde mbili baiskeli inayumba kama haijaamua. Wanaokuja nyuma wanadhani umelewa. Halafu inashika, na unaendelea na maisha. Kutoka hapo ni Majani Mapana, ni Ngamiani yenye moshi wa maandazi, ni kuvuka reli, na mji wa maofisi na bandari uko mbele yako.

Kuna mtu mmoja wa historia ambaye wapenzi wa gia moja hupenda kumtaja. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mbio za Tour de France zilizoanza mwaka 1903, alizikataa gia za kuhamisha cheni kwenye mbio zake, zikaja kuruhusiwa 1937. Kabla ya hapo wakimbiaji walifunga meno pande zote mbili za gurudumu la nyuma, mengi upande huu, machache upande ule. Wakifika chini ya mlima wanashuka, wanalifungua gurudumu, wanaligeuza, ndipo wanapanda. Juu kileleni wanafanya tena. Tangu 1902 Desgrange alikuwa ameandika kwamba gia za namna hiyo ni za watu waliovuka miaka 45. Mimi nimevuka, kwa hiyo ruhusa yake ninayo, lakini maneno yake siyakubali. Alikuwa anauza magazeti, na mwanamume anayeteseka mlimani huuza gazeti kuliko anayepanda kwa raha. Gia si uzee na kukosa gia si uanaume.

Angalia mkoa wetu huu huu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona juu ya kona, na Lushoto yenyewe iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Shemeji yangu wa kule alikuja kututembelea, akaipanda mamachari hadi dukani, akarudi anaisifu kwa namna ambayo mwenye mali huanza kuwa na wasiwasi. Nikamwambia ukweli: “Shemeji, hii ukiifikisha Lushoto itakupanda wewe.” Nikampa ile ya gia. Kule hewa haina chumvi. Amebadilisha springi na waya, na zinazoshika sasa anasema ni kumi na moja.

Lakini njia yangu ina jambo ambalo sikulijua hadi nilipoliona kwa miguu, na ndilo lililonifanya nibaki na baiskeli hii. Kwa kufikiri tu, ningesema asubuhi ni raha na jioni ni adhabu: unashuka kwenda baharini, unapanda kurudi. Wiki za mwanzo nilijiandaa hivyo, nikaweka akiba ya nguvu kwa ajili ya jioni. Jioni ikawa inanipeleka nyumbani kwa ulaini usioelezeka. Nilipoutazama moshi wa takataka pembeni mwa barabara ndipo nikaelewa. Ulikuwa umelala kuelekea Muheza.

Upepo wa Tanga mchana unatoka baharini. Kaskazi ikivuma inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini mashariki, na mimi jioni naelekea magharibi. Zote mbili zinanisukuma mgongoni. Mwinamo ule wa Kange hadi Pongwe, ambao mchana mtulivu ungenitoa jasho la shingo, upepo unakaribia kuufuta. Na asubuhi mapema, kabla jua halijapasha nchi kavu, kuna umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara ambao wavuvi wa ngalawa wanautumia kutokea. Wanaondoka na umande, wanarudi na upepo wa baharini. Ratiba yangu ni yao, isipokuwa mimi sirudi na kitu cha kukaanga.

Aliyenithibitishia ni mchuuzi wa samaki ninayepishana naye, tenga lake limefungwa kwenye keria ya Phoenix na kufunikwa kwa gunia bichi. Yeye anachukua samaki kwenye soko la Deep Sea na kuwauza bara, kwa hiyo njia yake ni kinyume cha yangu. Siku moja niliyochelewa tulikutana Majani Mapana saa mbili na nusu, mimi nimeinama juu ya usukani nikipambana na upepo wa uso, yeye amekaa wima anakula embe.

“Umande umekuacha, kaka,” alinipigia kelele akipita. “Sasa huu ni wangu.”

Miezi ya kusi kali umande hausikiki kabisa, na asubuhi inakuwa kazi hata kwa anayewahi. Masika nayo ina mambo yake: maji yanafunika ukanda wa pembeni, hujui chini kuna lami au shimo, na unalazimika kuingia kwenye njia ya malori. Siku kama hizo napanda daladala na sioni haya. Kuna watu wakishanunua baiskeli wanaifanya dini. Mimi nataka kufika.

Na yapo majira ya maleleji, upepo mmoja umeondoka na mwingine haujafika. Hewa inasimama. Jioni ya maleleji, kilomita za mwisho kabla ya Pongwe, ndipo meno 14 yaliponionyesha maana ya kicheko cha fundi. Hakuna mahali pa kukimbilia panapoitwa gia nyepesi. Kuna kukanyaga, na ukishindwa kuna kushuka na kuongozana na baiskeli yako kama marafiki waliogombana. Wanafunzi wa sekondari walinipita wakicheka wakiwa wanatembea kwa miguu.

Nilirudi kwenye mwarobaini. Mzee hakuniuliza shida. Aliinamia kopo, akatoa friweli ya meno 16 iliyofungwa kwenye kipande cha mfuko wa sukari, akaipuliza. Kazi nzima ilichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Alilegeza nati za nyuma, akatoa gurudumu, akaing'oa ile ya 14 kwa chombo chenye pembe mbili na teke moja la kisigino, akazungusha ya 16 kwa mkono. Kwa kuwa meno mengi yanakula cheni zaidi, ekseli ikasogea mbele kidogo kwenye mfereji wake. Halafu akafanya jambo ambalo sijamwona fundi wa baiskeli za gia akilifanya: akaibonyeza cheni katikati kwa kidole gumba, ikacheza juu na chini kama upana wa kidole chenyewe, akazungusha pedeli nusu, akabonyeza tena, akazungusha, akabonyeza. “Ikikaza inakula gololi,” alisema. “Ikilegea inaruka, na inaruka siku umebeba mtoto.”

Huo ndio utunzaji wote wa cheni ya gia moja. Inakwenda mstari mmoja ulionyooka, haipindishwi kushoto wala kulia, ni nene kuliko za gia nyingi, na ndani ya boksi lake mvua na mchanga haviifikii kirahisi. Naidondoshea oili mwisho wa mwezi. Pancha ni zile zile za watu wote: msasa, solusheni, kiraka, na maneno mawili kwa mwenye kiwanda cha misumari. Lakini tangu hapo sijaacha baiskeli kwa fundi ikalala.

Kwa meno 16, kila mzunguko sasa unanipeleka mita 4.1 badala ya 4.7, na kwa miguu ile ile ya mara 60 nakwenda kilomita 15 kwa saa. Nimepoteza kama dakika sita. Asubuhi kwenye mteremko miguu inaishiwa kazi mapema, inazunguka haraka bila kusukuma chochote, basi natulia na kuiacha ishuke yenyewe. Vijana wa baiskeli za mashindano wananipita wamejikunja. Nafika ofisini shati limekauka, na hilo kwa joto la Tanga si jambo dogo. Anayefika dakika sita kabla yangu hukaa robo saa mbele ya feni na taulo.

Ile ya meno 14 sikuiuza. Mzee aliipaka grisi, akaifunga kwenye gazeti na kuiweka chini kabisa ya kopo lake, na akaandika jina langu kwa kalamu ya wino iliyokuwa inaishiwa. Kaskazi ikishaanza kuvuma sawasawa, Desemba, nitapitia kuichukua. Mwezi wa tatu nitamrudishia.